"Beat", "defeat", "conquer", "vanquish" au "overcome": kitenzi kipi kwa ushindi upi?

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba karibu kila aina ya ushindi. Timu huishinda timu, mgombea humshinda mgombea, jeshi hulishinda jeshi, mgonjwa huyashinda maradhi, mwanafunzi hushinda tuzo, na hata aliyeimaliza siku yake salama huulizwa ameshindaje. Kiingereza hakina kitenzi cha namna hiyo. Kazi ambayo sisi tumekiachia "kushinda" peke yake, wenye Kiingereza wameigawa kwa vitenzi vingi, na kila kimoja kina mpaka wake: kipo kinachotaka kufuatwa na mpinzani, kipo kinachotaka kombe, kipo kinachotaka nchi nzima, na kipo kinachotaka kikwazo. Anayefungua kamusi na kuchukua neno la kwanza analolikuta mbele ya "kushinda" ataandika sentensi inayoeleweka, lakini msomaji wake atahisi kwamba kuna kitu hakijakaa mahali pake. Nia ya ulinganisho huu ni kuviweka vitenzi hivyo ubavu kwa ubavu, ili anayeandika Kiingereza ajue lini achukue kipi, na kwa nini.

Tuanze na "win", ingawa hakimo katika kichwa cha habari, kwa kuwa ndicho kinachowakosesha wengi na ndicho chepesi kuliko vyote kurekebisha. Kitenzi hiki hakimtaki mpinzani kuwa yambwa yake, yaani mtendwa anayekifuata. Kinachokifuata ni kile kilichogombewa: mchezo, vita, uchaguzi, kesi, tuzo, kombe au kiti cha ubunge. Katika Kiswahili tunasema "tuliwashinda" na "tulishinda mechi" kwa kitenzi kilekile, hivyo mzungumzaji wa Kiswahili haoni ubaya wowote kuandika "we won them". Kiingereza huikataa sentensi hiyo, au huielewa vingine kabisa, kana kwamba watu hao walikuwa zawadi iliyoshindaniwa nasi tukaipata. Mpinzani akitajwa, ama kitenzi kibadilike tuseme "we beat them", ama kihusishi kiongezwe tuseme "we won against them". Kuna pia "win someone over", ambayo ina maana ya kumvuta mtu upande wako kwa hoja au kwa wema, bila yeye kuwa ameshindwa chochote. Wakati uliopita wa kitenzi hiki ni "won", na hutamkwa sawasawa na "one" ya kuhesabia.

Mpinzani akishakuwa yambwa, uchaguzi wa kwanza huwa kati ya "beat" na "defeat", na hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa sababu maana yao ya msingi ni moja: fulani alishindana na fulani akamzidi. Tofauti iliyo wazi zaidi ni ya rejista, yaani kiwango cha urasmi wa lugha. "Beat" ni neno la mazungumzo, la uwanjani, la watoto wanaocheza karata na la mtangazaji anayesoma matokeo kwa haraka. "Defeat" ni la taarifa rasmi, la vitabu vya historia na la uchambuzi wa uchaguzi. Mtu humwambia rafiki yake "I beat you again", na angemwambia "I defeated you again" ingesikika kama hotuba. Mpaka huu hata hivyo si ukuta. Kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, huko New York mwezi Mei 1997, kwa pointi tatu na nusu dhidi ya mbili na nusu, ilikuwa sahihi kuandika kwamba ilim-"beat" na sahihi vilevile kuandika kwamba ilim-"defeat". Kilichobadilika ni uzito wa sauti ya mwandishi, wala si ukweli wa tukio. Ukitaja mchezo wenyewe baada ya mpinzani, "beat" ndicho kinachokaa kwa wepesi zaidi, na kihusishi chake ni "at": "beat him at chess". Hatua ya mashindano huchukua "in", kama "beat them in the final". Tofauti ya mabao au kura huchukua "by". Na mikwaju ya penalti huchukua "on", yaani "beat them on penalties".

Vichwa vya habari vya magazeti ni mahali pazuri pa kuona rejista ikifanya kazi. Tarehe 3 Novemba 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune lilitoka na kichwa kikubwa kilichosomeka "Dewey Defeats Truman". Habari hiyo haikuwa ya kweli, kwa kuwa gazeti lilichapwa kabla ya kura kuhesabiwa zote, na Harry Truman aliyetangazwa kushindwa ndiye aliyeibuka mshindi wa urais wa Marekani kwa kura 303 za wajumbe dhidi ya 189 za Thomas Dewey. Kwa anayejifunza lugha, kichwa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba gazeti lilichagua "defeats" ingawa "beats" kingekuwa kifupi zaidi na nafasi katika kichwa cha habari huwa finyu. Jambo lilikuwa la dola, na neno lilipaswa kulingana nalo. La pili ni wakati wa kitenzi: vichwa vya habari vya Kiingereza hutumia wakati uliopo kwa tukio lililokwisha kupita, na anayevisoma asidhani kwamba mchuano bado unaendelea.

Tofauti ya pili ni ya yambwa zisizo watu, na hapa "beat" na "defeat" hutengana kabisa. "Defeat" kiliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na maana yake ya asili ilikuwa kutengua au kuvunja kilichofanywa. Maana hiyo ya kutengua bado imo ndani yake, ndiyo maana hoja bungeni, muswada au pendekezo husemwa kuwa "defeated" na kamwe si "beaten". Tarehe 15 Januari 2019 Bunge la Uingereza lilipoukataa mpango wa Theresa May, Waziri Mkuu wa wakati huo, wa kujitoa katika Umoja wa Ulaya, kwa kura 432 dhidi ya 202, mpango huo ulikuwa "defeated", na serikali yenyewe ikasemwa kuwa "defeated by 230 votes". Ni kwa sababu hiyohiyo kwamba tendo linaloharibu lengo lake lenyewe husemwa "it defeats the purpose"; kuweka "beats" hapo ni kosa. Upande wa pili, "beat" kina yambwa zake ambazo "defeat" hakizigusi: mtu hu-"beat the deadline" akiwahi kumaliza kabla ya muda, hu-"beat the record" akivuka rekodi iliyokuwapo, na hu-"beat the traffic" akitoka mapema kabla barabara hazijajaa. Katika semi hizi zote hakuna anayeumia wala anayetenguliwa. Kuna kuwahi na kuzidi tu.

Tofauti ya tatu inastahili uangalifu kuliko zote, kwa sababu inaweza kupotosha habari nzima. Maana ya kwanza ya "beat" ni kupiga, na maana hiyo bado hai. Tazama sentensi hii: "The opposition candidate was beaten on Saturday." Je, mgombea alishindwa katika kura, au alishambuliwa na watu? Kisarufi, majibu yote mawili yanawezekana. Pakiwa na utulivu msomaji atakisia kura, lakini pale ambapo fujo za kisiasa si jambo geni atakisia fimbo, na mwandishi atakuwa ametangaza shambulio ambalo halikutokea. Sisi tumezoea lugha ya michezo ambamo timu huchapwa, hunyukwa na kuambulia kipigo, hivyo mkanganyiko huu hautushtui upesi inavyopasa. Tiba yake ni rahisi: katika habari za siasa, hasa kwa kauli ya kutendwa, andika "was defeated" au "lost the election", na kama ni kupigwa kweli andika "was assaulted" au "was beaten up". Hiki cha mwisho, kikiwa na "up" nyuma yake, hakina maana ya ushindi hata kidogo.

Maumbo yao nayo hayafanani. "Defeat" ni kitenzi cha kawaida: "defeated" katika wakati uliopita, "defeated" tena katika kauli ya kutendwa. "Beat" hakibadiliki katika wakati uliopita, kwa hiyo "they beat us yesterday" ni sahihi, na katika kauli ya kutendwa huwa "beaten". Wengi huandika "beated", umbo ambalo Kiingereza sanifu hakina. Kwa upande wa nomino, "a defeat" ni kushindwa, lakini "a beat" ni pigo la ngoma au mdundo wa moyo, si kipigo cha timu. Kwa kipigo sema "a beating", nayo hutumika pale mabao yanapokuwa mengi. Kushindwa huku huja na vitenzi vyake maalumu: aliyeshindwa hu-"suffer a defeat", aliyeshinda hu-"inflict a defeat on" mwenzake, na anayekiri kushindwa hu-"accept", "admit" au "concede defeat". Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani; mwenye Kiingereza akitaka kuisema hekima hiyo, neno atakalolihitaji ni "defeat".

Kutokana na vitenzi hivi viwili huzaliwa sifa mbili, "unbeaten" na "undefeated", na zote hutafsiriwa kuwa "hajashindwa". Jambo la kuzingatia ni kwamba kutoshindwa si sawa na kushinda kila mara. Arsenal ilimaliza Ligi Kuu ya Uingereza ya msimu wa 2003 hadi 2004 ikiwa "unbeaten" katika mechi 38, lakini kati ya hizo ilishinda 26 na kutoka sare 12. Anayetafsiri "unbeaten" kuwa "ilishinda mechi zote" ameongeza ushindi 12 ambao haukuwapo. Katika ndondi, ambako sare ni nadra, waandishi hupenda "undefeated", kama wanapomtaja Rocky Marciano aliyeacha ulingo akiwa ameshinda mapambano yake yote 49 ya kulipwa.

Sasa tuje kwa "conquer". Hapa kipimo hubadilika: swali si tena nani alimzidi nani, ni nani alibaki na nini baada ya mapambano. "Conquer" ni kushinda na kutwaa, kuteka na kutamalaki. Mfano ulio bora zaidi umo katika historia ya Uingereza yenyewe. Tarehe 14 Oktoba 1066, William wa Normandy alipigana na Mfalme Harold karibu na Hastings. Harold akauawa na jeshi lake likavunjika kabla ya usiku kuingia. Siku ile William alim-"defeat" Harold. Hata baada ya kuvikwa taji siku ya Krismasi mwaka huohuo, ilimchukua miaka kadhaa ya kuzima uasi, kujenga ngome na kugawa ardhi kwa watu wake kabla England haijawa mikononi mwake kikamilifu, na kazi hiyo ndefu ndiyo inayoitwa "conquest". Kwa hiyo alim-"defeat" mtu kwa siku moja, akai-"conquer" nchi kwa miaka, na jina alilobaki nalo katika historia ni William the Conqueror.

Ukishaushika mpaka huo, sentensi nyingi hujirekebisha zenyewe. Tarehe 1 Machi 1896 majeshi ya Ethiopia chini ya Mfalme Menelik wa Pili yaliwashinda Waitalia huko Adwa. Kwa Kiingereza ushindi huo ni "defeated" bila shaka yoyote. Ukiandika "conquered" utakuwa umesema kwamba Ethiopia iliitwaa Italia na kuitawala, jambo ambalo halikutokea. Ethiopia ililinda ardhi yake, na kulinda hakuitwi hivyo. Kinyume chake, Waosmani walipouchukua mji wa Konstantinopoli mwaka 1453 na kuufanya makao makuu yao, "conquered" ndilo neno lenyewe, na "defeated" lingepungukiwa, kwa kuwa mji haushindwi tu, hutwaliwa. Kwa mantiki hiyohiyo, timu haii-"conquer" timu nyingine katika mechi ya kawaida. Waandishi wa michezo huruhusu usemi kama "conquer Europe" kwa klabu iliyotwaa ubingwa wa bara zima, na hapo ni picha ya utawala inayokusudiwa.

Nje ya vita, "conquer" huenda na vitu vinavyotawaliwa kwa nafsi: hofu, tamaa, hasira. Kwa muda mrefu kilitumika pia kwa milima, na Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipofika kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953, lugha ya zama hizo ilisema mlima umekuwa "conquered". Binafsi naona usemi huo haujazeeka vizuri, kwa kuwa mlima hausalimu amri na hakuna aliyeutwaa. "Climbed" au "reached the summit" husema ukweli uleule kwa adabu zaidi. Jambo moja la matamshi lisipite hapa: katika "conquer" hakuna sauti ya "w", hutamkwa karibu na "kong'ka", lakini katika nomino yake "conquest" sauti hiyo hurudi, karibu na "kong'kwest".

"Vanquish" ndicho kitenzi kinachopendwa na wanafunzi wenye bidii na ambacho, kwa maoni yangu, kinapaswa kutumiwa kwa uchache kuliko vyote vilivyotajwa. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "vincere", yaani kushinda, kilichopitia Kifaransa cha kale kabla ya kuingia Kiingereza. Ukoo wake ni mkubwa: "victory", "invincible" na "convince" ni ndugu zake, na wachezaji wale wa Arsenal waliomaliza msimu bila kufungwa huitwa "the Invincibles" kwa sababu hiyohiyo, yaani wasioshindika. Maana yake ni kumshinda adui kabisa, kiasi kwamba habaki na nguvu ya kurudi. Tatizo halimo katika maana, limo katika harufu ya neno. Ni neno la visa vya mashujaa na majoka, la hotuba za kumbukumbu na la mashairi. Msomaji akilikuta katika taarifa ya mechi ya kirafiki iliyoisha bao moja kwa bila, atajua mara moja kwamba mwandishi alilitoa kwenye orodha ya visawe bila kulipima.

Inashangaza kidogo kwamba hata mahali ambapo "vanquish" kilikuwa na haki ya ukoo, kimepitwa. Baada ya kumshinda Pharnaces wa Ponto kwa haraka mwaka 47 kabla ya Kristo, Julius Caesar anasimuliwa kuwa alisema "veni, vidi, vici", na hiyo "vici" ni "vincere" ileile. Hata hivyo Kiingereza kimezoea kuitafsiri "I came, I saw, I conquered". Kwa kipimo nilichokieleza juu, tafsiri hiyo inavuta upande wa kutwaa zaidi kuliko Kilatini chenyewe kinavyosema, lakini imekwisha kukomaa katika lugha na hakuna haja ya kushindana nayo. Anayenukuu aandike kama ilivyozoeleka.

Ni wapi basi "vanquish" kinafaa? Kinafaa katika masimulizi ya kale, ambamo adui ni wa kutisha na mwisho wake ni wa moja kwa moja. Kinafaa katika hotuba, kwa maadui wasio watu kama ujinga, hofu au dhuluma, mradi hotuba yenyewe iwe na uzito wa kulibeba neno hilo. Tena kinafaa sana kikiwa nomino, "the vanquished", yaani walioshindwa, hasa kinapowekwa mkabala na "the victors". Matumizi haya ni ya kawaida hata katika maandishi ya kihistoria ya leo. Kwa tendo lenyewe la kushinda, nomino "vanquishment" ipo kamusini lakini karibu hakuna anayeitumia. Waandishi hurudi kwenye "defeat".

Katika habari za afya vitenzi hivi hukutana na kugombana. Mgonjwa mmoja aliyepona husemwa ame-"beat cancer", kwa lugha ya kawaida iliyojaa furaha, na ingawa baadhi ya watu hawapendi kuufanya ugonjwa uwanja wa vita, kwa kuwa hapo asiyepona huonekana kama hakupigana vya kutosha, usemi huo umeenea. Ugonjwa ulioondolewa duniani kote, kama ndui iliyotangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1980 kuwa imetokomezwa, neno lake la kitaalamu ni "eradicated". "Conquered" na "vanquished" vinaweza kutumiwa kwa ndui katika hotuba. Katika ripoti havifai, kwa sababu havisemi kile ambacho "eradicated" kinakisema, yaani kwamba hakuna tena mgonjwa hata mmoja aliyeambukizwa kwa njia ya asili.

"Overcome" kina tabia ya peke yake. Yambwa yake ya kawaida ni kikwazo: umaskini, aibu, jeraha, shaka, ulemavu, pengo la mabao. Ndani yake mna wazo la kuvuka, la mtu aliyekuwa chini akapanda hadi upande wa pili, na kwa sababu hiyo hakikai vizuri pale ambapo mshindi alikuwa na nguvu tangu mwanzo. Kulinganisha "overcome fear" na "conquer fear" ni zoezi lenye manufaa: cha kwanza kinasema hofu ilikuwapo nawe ukafanya lililopasa hata hivyo, cha pili kinasema hofu imetawaliwa na haina tena sauti. Kwa mtu anayesimulia safari yake mwenyewe, cha kwanza mara nyingi ndicho chenye ukweli zaidi. Wakati uliopita ni "overcame", lakini kauli ya kutendwa hurudi kuwa "overcome", na hapo maana hugeuka: "she was overcome with grief" ni kwamba majonzi yalimzidi nguvu, wala hakuna mashindano yoyote yaliyotajwa.

Mchezo mmoja unatosha kuonyesha jinsi vitenzi vitatu vinavyogawana kazi ndani ya sentensi moja. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa iliyochezwa Istanbul tarehe 25 Mei 2005, Liverpool ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma ya Milan kwa mabao matatu kwa bila, ikasawazisha yote katika kipindi cha pili, kisha ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Kwa Kiingereza: "Liverpool overcame a three-goal deficit, beat Milan on penalties and won the Champions League." Pengo la mabao ni kikwazo, likapata "overcame", Milan ni mpinzani, ikapata "beat", ubingwa ni kilichogombewa, ukapata "won". Jaribu kuvibadilishana nafasi uone: "won Milan" haisimami, "beat the Champions League" haina maana, na "overcame Milan" inakubalika lakini inapunguza makali ya habari, kwa kuwa kikubwa kilichovukwa usiku ule kilikuwa yale mabao matatu. Kiswahili kingeweza kuibeba sentensi yote kwa "kushinda" na "kusawazisha", na ndiyo maana anayetafsiri kichwani kabla ya kuandika hujikuta amekosea kitenzi kimoja kati ya vitatu.

Vipo vitenzi vingine vya kuonyesha ukubwa wa ushindi, nami nitavipitia kwa haraka kwa kuwa kanuni yao ni moja: angalia matokeo kwanza, kisha neno. Ujerumani ilipoifunga Brazil mabao saba kwa moja huko Belo Horizonte tarehe 8 Julai 2014, matano kati ya hayo yakiwa yameingia ndani ya dakika 29 za kwanza, maneno kama "thrashed", "trounced" na "routed" yalistahili kabisa. Kati ya hayo "rout" lina picha ya kijeshi, ya askari wanaokimbia ovyo baada ya safu kuvunjika, na hutamkwa "raut". Lisichanganywe na "route", ambayo ni njia. "Crush" huenda na uasi na upinzani uliozimwa kwa nguvu, na lina ukatili ambao mwandishi asiukusudie kwa bahati mbaya. Ushindi mwembamba, wa bao la dakika za mwisho au kura chache, ni "edge" au "narrowly beat". Palipotumika akili badala ya nguvu, pale ambapo sisi tungesema fulani alimzidi mwenzake kete, Kiingereza hutumia "outwit". Vilevile vipo "best" na "worst" vikiwa vitenzi, na ingawa vikiwa sifa vina maana zinazopingana, vikiwa vitenzi vyote viwili vina maana ya kumshinda mtu. Cha pili ni nadra siku hizi, na anayekikuta katika maandishi ya zamani asidhani kuna kosa la uchapaji.

Limebaki suala la upande wa pili, la aliyeshindwa, na hapa Kiswahili chenyewe ndicho kinachotega mtego. "Kushindwa" kina maana mbili ambazo Kiingereza huzitenganisha. Ya kwanza ni kuzidiwa na mpinzani: "tulishindwa na wageni". Hii ni "we lost to the visitors" katika lugha ya kawaida, au "we were beaten by the visitors", au "we were defeated by the visitors" katika taarifa rasmi. Angalia kwamba "lose" huchukua "to" na vingine viwili huchukua "by", na kwamba "lose" huandikwa kwa "o" moja, kwa kuwa "loose" ni kulegea. Ya pili ni kutoweza kufanya jambo: "nilishindwa kufungua mlango". Hapa hakuna mpinzani, na "I was defeated to open the door" ni sentensi ambayo Kiingereza hakiitambui. Inayotakiwa ni "I couldn't open the door", au "I failed to open the door" katika maandishi rasmi. Jambo gumu lenyewe likiwa ndilo mtenda, kama tunaposema "fumbo hili limenishinda", Kiingereza kinaruhusu "this puzzle has defeated me" au "this puzzle has beaten me", na zote ni nzuri. Usemi "it beats me", ukiwa katika wakati uliopo na bila kutaja fumbo lolote, una maana nyembamba zaidi: sijui, wala sielewi kwa nini iko hivyo.